Mstari Niliousogeza

Mjini Baraka, Jumamosi, wiki ya kwanza ya Oktoba

Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya rasi ya Ubwari, hayaji wala hayaondoki. Joto limejaa nyumba nzima. Nimekunywa maji tena na tena na kinywa bado kikavu, ndipo nikajua kwamba si joto.

Naogopa.

Kesho baada ya ibada ukoo wetu unakaa lubunga, na mimi ndiye nitakayesema wa mwisho.

Kwa msomaji asiyetujua: lubunga ni baraza letu Wabembe, mahali ambapo mambo ya ukoo husemwa mpaka yaishe. Zamani ilikuwa na nyumba yake, moto katikati, na ilikuwa ya wanaume. Tulipokuwa wakimbizi kambini Kigoma hatukuwa na nyumba ya kuiweka, tukawa tunakaa nje ya hema langu, na wanawake wakakaa nasi kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Tuliporudi upande huu wa ziwa hakuna aliyethubutu kuwaambia waondoke. Jambo moja tu halikubadilika hata huko kambini. Wadogo huanza kusema, wakubwa hufuata, na mkubwa kuliko wote husema mwisho. Akishasema, watu hupiga makofi na neno limefungwa. Halifunguliwi tena.

Siku hizi mkubwa kuliko wote ni mimi. Walionitangulia tuliwazika ng'ambo.

Jambo la kesho ni mabati ya Mama Wabiwa.

Mama Wabiwa ni mjane wa mdogo wangu. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa, karibu na ziwa. Maji yalipopanda hayakuja kwa kelele. Yaliingia jikoni, wiki nyingine yakaingia chumbani, na hayakutoka tena. Tangu hapo anaishi na watoto wake nyuma ya nyumba yangu, ndani ya shitingi, ile plastiki nyeupe ya msaada ambayo mimi nililala chini yake miaka mingi na ambayo sauti yake mvua inapoipiga naijua kuliko sauti ya mama yangu. Mwaka huu tulifyatua matofali ya udongo, tukasimamisha kuta upande wa juu ambako maji hayafiki. Michango ya mabati nayo imetimia. Imetoka Fizi, imetoka Swima, imetoka hata kwa ndugu waliobaki Kigoma. Imewekwa kwa Alimasi, mtoto wa mdogo wangu mwingine, ambaye ni kambiste hapa sokoni, anabadilisha dola na faranga, na ambaye sijasikia mtu akimlalamikia.

Mabati yangeweza kununuliwa wiki iliyopita.

Hayakununuliwa kwa sababu yangu.

Niandike ilivyokuwa, pole pole.

Nilipokuwa kijana, kabla ya vita, nilikuwa monita wa kilimo pale Fizi. Kazi yangu ilikuwa kupima mvua kila asubuhi na kuichora kwenye karatasi ya miraba. Niliipenda kazi ile kuliko shamba lenyewe. Mwisho wa mwezi nilikuwa natundika mchoro ukutani na kusimama mbele yake mikono nyuma, kama mtu aliyeinyesha mvua ile yeye mwenyewe. Vita vikaja, ofisi ikaungua na karatasi zangu, na sijachora kitu tena mpaka juzijuzi, siku Alimasi alipoleta simu yake na kunionyesha bei ya dhahabu.

Hapa kwetu dhahabu si kitu cha ajabu. Vijana huichimba, akina mama hupeleka chakula machimboni, na kila mtu anajua kwamba bei yake hutoka mahali pa mbali. Lakini sikuwa nimeiona bei yenyewe ikitembea. Ilikuwa imechorwa kwa mishumaa, ya kijani ikipanda, myekundu ikishuka, kila mmoja na mwili wake na tambi zake juu na chini. Nikamwuliza Alimasi, “Huu mmoja ni nini?” Akasema ni saa moja. Akagusa kioo, mishumaa ikabadilika, akasema sasa kila mmoja ni siku. Akagusa tena, kila mmoja ukawa mwezi.

Usiku ule niliota karatasi zangu za miraba.

Basi nikaanza kusoma. Kwenye simu yangu nilitazama masomo ya kijana mmoja wa Tanzania anayefundisha kwa Kiswahili kizuri, nikaongeza kitabu cha Kifaransa ambacho Alimasi alinitolea kwenye kompyuta. Nilijifunza sakafu, yaani pale bei inaposhuka, ikagusa na kurudi juu, mara ya kwanza, mara ya pili. Nilijifunza dari, ambayo ni kinyume chake. Nilijifunza kuchora mstari wa mwelekeo chini ya mabonde na kungoja bei iuguse. Nilijifunza mshumaa unaoitwa nyundo, wenye kichwa kidogo na mpini mrefu wa chini, ambao ukitokea sakafuni unasema kwamba wauzaji wamechoka. Nilijifunza pia mshumaa usio na mwili. Bei imefungua mahali, imepanda sana, imeshuka sana, ikafunga palepale ilipofungulia. Kilichobaki ni utambi mrefu juu na utambi mrefu chini, na kamstari kembamba katikati.

Huo nilipouona niliweka simu chini, nikatoka nje kidogo. Miaka yetu yote ya ng'ambo ni mshumaa huo. Tuliondoka na mabegi, tukarudi na mabegi.

Na nilijifunza sheria ambayo mwalimu yule huirudia kila somo mpaka unamchoka. Kabla hujaingia sokoni, weka kikomo. Chora mstari mahali ambapo, bei ikifika, utakubali kwamba umekosea na utatoka, hasara ikiwa bado ndogo. Mstari huo usiuguse. Anasema sakafu ukikosea kuichora utapona, mwelekeo ukikosea kuusoma utapona, lakini mtu anayesogeza kikomo hana dawa.

Niliandika sheria hiyo kwa chaki juu ya mlango wangu. Bado ipo. Naiona nikiwa nimekaa hapa.

Nilianza kwenye akaunti ya mazoezi, ambayo fedha zake si fedha. Nilikosea sana, kisha nikakosea kidogo, kisha zikaja wiki ambazo nilipatia zaidi ya kukosea. Alimasi akaanza kusimulia sokoni. Watu wakaanza kunisalimia kwa sauti nyingine. Mzee fulani wa kanisani aliniuliza kama mishumaa ile inaonyesha pia bei ya ndagala, yaani dagaa. Nilicheka, lakini nisiseme uongo hapa: nilitembea kurudi nyumbani shingo imenyooka.

Sasa Jumatano ya wiki iliyopita.

Ukoo ulikuja kuangalia kuta za Mama Wabiwa. Ilikuwa alasiri, zile saa ambazo dhahabu hupenda kuruka kwa sababu Wamarekani wameamka. Alimasi alikuwa amefungua simu, nami siku hiyo nilikuwa nimenunua dhahabu ya mazoezi kwenye sakafu niliyoiamini sana, na kikomo changu kimekaa chini yake kidogo. Wakakusanyika. Nikawaeleza. Nilisema kwa kinywa changu, mbele ya wote, “Bei ikigusa mstari huu mwekundu, tunatoka. Hapana kubishana nayo.” Wakaitikia kama watu walioko shuleni.

Bei ikaanza kushuka.

Ilishuka mpaka sakafuni, ikapita sakafu, ikaendelea kuusogelea ule mstari mwekundu, taratibu, kama mtu anayejua mlango ulipo. Ndugu walisogea karibu. Niliwahisi mgongoni. Na kidole changu, hiki hapa ninachoandikia, kikaenda kwenye mstari, kikaushika, kikaushusha.

Hakuna aliyeniuliza. Alimasi, ambaye sheria ile anaijua kunizidi, aliitikia kwa kichwa na kusema, “Muzee anaona mbali.” Mwingine akasema, “Bakubwa banajua.” Hata mimi kwa muda mfupi nilikubali kwamba naona mbali.

Ni Mama Wabiwa peke yake aliyefungua kinywa. Yeye ni shemeki wangu, shemeji, na shemeki ana ruhusa ya utani ambayo ndugu hawana. Alikuwa nyuma, amebeba beseni la mikeke, samaki wa ziwa letu, ya kukaushwa.

“Shemeki,” akasema, “ule mustari uko wako ama uko wa bei? Maana naona unautembeza sawa mbuzi. Utaufunga wapi leo, kwenye nyasi ya nani?”

Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nilimwambia aende akaangalie samaki zake kabla hawajapata nzi, na akaenda, akiendelea kucheka.

Halafu likaja balaa lenyewe. Bei iligeuka.

Ilipanda, ikarudi juu ya sakafu, ikapita mahali niliponunulia, ikaenda mpaka dari. Faida tupu. Wanawake wakapiga vigelegele juu ya fedha ambazo hazipo. Mtu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Na hapohapo Alimasi akasema, kwa nini mabati tu? Michango ipo. Tuiweke kwenye dhahabu, ya kweli, mwezi mmoja, muzee aiongoze, tutoke na mabati, na milango, na sementi ya chini. Pengine ibaki hata ya mwenzetu mwingine aliye kwenye shitingi. Kila uso ulinigeukia, na nyuso zile zilikuwa na furaha ambayo sijaiona kwetu tangu zamani.

Nikasema tutalizungumza lubunga.

Ningepoteza siku ile mbele yao, tungekuwa tumenunua mabati kesho yake. Nilifanya kosa ambalo halina dawa, nikalipwa kwa kulifanya, na wote wakaona malipo.

Leo soko limefungwa. Dhahabu hulala kuanzia Ijumaa usiku mpaka Jumapili usiku, na mishumaa imesimama kwenye kioo kama ilivyoachwa. Nimeitazama tangu asubuhi hata hivyo. Kwenye mishumaa ya saa, bei inapanda. Kwenye mishumaa ya siku, inaanza kuchoka chini ya dari. Kwenye mishumaa ya wiki, huko kupanda na kuchoka kote ni kipande cha utambi mmoja. Nimechora mistari, nimeifuta, nimechora mingine. Kila mstari niliouchora ulikubaliana na kile nilichokuwa nakitaka wakati wa kuichora. Asubuhi nilitaka tuingie, nikapata sakafu. Saa sita niliogopa, nikapata dari.

Karatasi zangu za Fizi hazikunifanyia hivi. Mvua iliyokwisha kunyesha ilikuwa imenyesha, nilikuwa siwezi kuivuta kwa kidole.

Mchana Mama Wabiwa alikuja kuniletea mukeke na ugali, akakaa kwenye kiti cha chini pale mlangoni. Akaangalia chaki yangu. Kusoma anajua, alisoma kambini.

“Shemeki, leo hautembezi mbuzi?”

“Soko limefungwa.”

“Basi mbuzi anapumuzika. Na wewe?”

Nilimwuliza jambo lililokuwa linanikaba siku zote hizi. Nilimwuliza kesho atasema nini.

Aliokota chembe za ugali kwenye sahani. “Mi nitasema nini? Ile franga ni ya ukoo. Nikikataa, batasema mujane anadharau. Nikikubali, batasema mujane ana tamaa.” Halafu akatabasamu kidogo. “Na tamaa niko nayo, nisikufiche. Niliona mabati ya rangi ya bulu kule juu, kwa yule mwenye mashua. Kama inaweza kuongezeka, mi naweza kukataa bulu?”

“Na ule mstari? Jumatano ulinicheka.”

“Jumatano nilikuwa nachezea shemeki yangu. Kesho si siku ya mchezo. Kesho ukishasema, neno limefungwa. Nitapiga mikono sawa bote.”

Alichukua sahani akaondoka.

Nilidhani yeye atakuwa upande mmoja na mimi nipambane naye, au anishinde. Kumbe hakuna upande. Alimasi anataka kwa sababu ananiamini. Ndugu wa Swima wanataka kwa sababu Alimasi anataka. Mama Wabiwa anataka bulu, na hata asipotaka atapiga makofi. Nami?

Nami nataka kuliko wote. Niliandike na hilo. Sitaki mabati ya bulu wala sementi. Nataka nikae mbele ya watu na kitu nilichokichora kitokee.

Mtu mwenye hamu hiyo ndiye anayesema mwisho kesho.

Hiki ndicho kilichonikausha kinywa. Yule kijana wa Tanzania hufundisha watu ambao, wakisogeza mstari, hasara yao wenyewe huwazuia. Hakuwahi kufikiria lubunga. Kwetu mkubwa akiusogeza mstari, mstari ndio umekosea. Nikiingia Jumatatu na michango ya watu, bei ikashuka, nikasogeza, watanyamaza. Nikasogeza tena, watasema naona mbali. Watanyamaza kwa heshima mpaka siku ambayo hakutakuwa na cha kusogeza, na mvua itakuwa imeanza, na kuta zile zitakuwa wazi juu, matofali yakirudi kuwa tope, na yeye na watoto wake wako palepale nyuma ya ukuta wangu, chini ya ile sauti.

Na hakuna atakayenilaumu. Wataleta mikeke, watauliza nimeamkaje.

Nimejaribu kupanga maneno ya kesho. Nikisema mwishoni “tununue mabati”, watakubali kesho, lakini watakubali kwa sababu nimesema, na Jumatano nyingine nikipatia tena kwenye mazoezi, watanirudia, na mimi nitakuwa dhaifu kuliko leo. Najijua. Nimekaa na simu hii siku nzima na soko limelala.

Kwa hiyo jioni hii, kabla sijaanza kuandika hapa, nimefanya jambo ambalo sijui kama baba yangu angelielewa. Nimemwandikia Alimasi ujumbe, apange kesho hivi: mimi nitasema wa kwanza, mahali pa mdogo kuliko wote. Nitasimulia mstari wa Jumatano, jinsi ulivyokuwa na jinsi kidole kilivyouvuta, na kwamba faida ile ilikuwa ya bahati. Nitasema ninachokiona mimi, kwamba mabati yanunuliwe Jumatatu, na kwamba mazoezi yabaki mazoezi. Kisha nitakaa, nao waseme, wanipinge wanavyotaka. Na atakayesema mwisho na kulifunga neno ni Mama Wabiwa, kwa kuwa nyumba ni yake, na ni yeye peke yake aliyeusema mstari wangu.

Jibu la Alimasi lilikuja upesi: “Baba mukubwa, uko mugonjwa? Nikuje na dawa?”

Nikamwandikia kwamba niko mzima.

Akaandika tena: “Bakubwa ba Fizi batasema nini?”

Nikamwandikia kwamba watasema kabla ya Mama Wabiwa, kama watu wengine.

Sasa hivi hajajibu tena, ila bila shaka amempigia simu Mama Wabiwa, maana nimesikia kelele huko nyuma ya nyumba, na sauti yake ikivuka ua wote:

“Shemeki! Umenifanyia nini? Mi nifunge neno ya bakubwa? Na kama nikisema tuiweke yote, utafanya nini?”

Nimempigia kelele na mimi kwamba nitapiga makofi.

Hilo hakulitegemea. Hata mimi nililiogopa nilipolisikia likitoka, kwa sababu ni kweli. Anaweza kusema hivyo. Anaweza kuitaka ile bulu. Nimeondoa kidole changu kwenye mstari na sijui yeye atausogeza wapi.

Mawingu ya Ubwari yamevuka. Matone ya kwanza yameanza kupiga shitingi, yale makubwa yaliyoachana, na namsikia akivuta pembe za plastiki na kuwaita watoto waweke mawe. Kabla ya kuingia ndani amepiga kelele mara moja tena:

“Basi kesho jitayarishe, shemeki! Nitakutukana mbele ya batu bote!”

Ee Mungu, kesho umpe ulimi mkali.